Fuawe Halikaliwi

Siku hizi nasikia nchi inataka chuma kisichochafua hewa, kinachoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu ili milima isichimbwe na wajukuu wakute kitu. Ni jambo jema. Ila kila nikilisikia, roho huniuma.

Baba yangu alikuwa mhunzi. Kivu ya Kusini alitoka na nyundo tu. Fuawe, chuma cha kugongea, alilipata hapa Kashojwa, kambini kwetu wakimbizi; kilikuwa kipande cha ekseli ya lori, akalisimika mbele ya nyumba. Kwa springi za magari mabovu alifua majembe, na majirani, Wakongo kwa Warundi, wakalima kwa kazi ya mikono yake. Kwetu fuawe halikaliwi. Sisi watoto tukichoka tulikaa chini kwenye vumbi, maana anayelikalia amemtukana mhunzi pamoja na waliomfundisha.

Kisha wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu kutoka Mbarara. Baba hakuweza kushindana nao. Springi zikaadimika, naye akabaki kunoa visu vya watu.

Asubuhi moja lori lao likasimama kwetu. Mnunuzi, kijana mwenye adabu zake, alimsalimia mama, akapangusa jasho, akakaa juu ya fuawe. Mama akashika mdomo.

"Mzee, hii chuma yote inaenda kiwandani," kijana akasema. "Tunayeyusha, inakuwa mpya. Nchi inajenga."

"Na siye tutatumika kazi na nini?" baba akauliza.

"Mtanunua jembe mpya, mzee. Ziko nyingi kwa duka."

Nilingoja baba amfukuze. Alimtazama tu pale alipokaa.

"Umekwisha kukaa juu yake," akasema. "Haiko tena fuawe, ni chuma tu. Beba."

Kijana alifurahi, masikini, akaita wenzake walipakie. Nilimchukia, na hadi leo sijui kosa lake hasa ni lipi.

Juzi nilimpeleka baba hospitali ya misheni kule Ruharo, kwa ajili ya macho. Jirani na hapo wanajenga ghorofa, na nondo mpya zimerundikwa kando ya njia. Baba akazipapasa.

"Pengine iko mu hizi," akasema.

Alikuwa amechoka. Nikamwambia akae juu ya zile nondo apumzike kidogo. Akakataa, akakaa chini kwenye vumbi.