Kilo Moja ya Wandera

Meli ilitutema Port Bell, bandari ya Kampala, saa nne asubuhi, mimi na mabehewa kumi na tisa ya treni. Mabehewa yalikuwa na karatasi kamili za safari. Mimi nilikuwa na hisani ya fundi mmoja wa mitambo aliyenionea huruma Mwanza. Nilimsalimu askari wa lango kwa Kiswahili changu safi, naye akanitazama mikono kwanza, kama anayetafuta bunduki. Watu wa umri wake hapa walikisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa wanajeshi, na hawakiamini mpaka kieleze kimefuata nini.

Nilikuwa nimefuata programu. Mwanza niliona wauza vyakula wakituma ujumbe wa simu, "matoke?", yaani ndizi za kupika, na simu ikiwajibu yaliyofika ni mangapi na yako kwa nani. Nikauliza nani kaitengeneza. Nikaambiwa ni nakala tu. Ya asili iko soko la Kalerwe, Kampala, na mwenyewe, Mkenya mmoja aitwaye Wandera, haiuzi. Ni programu huria: matumbo yake yako wazi, yeyote aweza kuyasoma, kuyanakili na kuyasahihisha. Nilimwandikia. Akajibu: "Njoo kabla Jumamosi haijaisha. Jumapili sipo."

Alikuwa ananingoja nje ya lango, mrefu, shati limepigwa pasi hadi mikono inakata. Msamia wa Busia, mtunza ghala wa kiwanda cha rangi. Kwa miaka minne alikuwa akitoka kazini na kukaa na programu hadi chai ipoe, bila kulipwa na mtu. Alinipeleka kwake Bukoto, chumba kitupu chenye mabegi mawili. Kiwanda kilikuwa kinamhamishia Nakuru, na basi lilikuwa linaondoka saa kumi na moja jioni hiyo hiyo.

"Na programu?" nikauliza.

"Itakufa," akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Miaka minne watu wa Kalerwe wananishukuru. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea sahihisho, hata la nukta. Labda imekamilika. Lakini mimi nimeisoma, ndugu yangu, haijakamilika. Sasa kama hakuna anayethubutu kuigusa nikiwa hapa, nikiondoka ataigusa nani?"

Saa nane tulifika Kalerwe. Wanawake wa soko walikuwa wamemfanyia sherehe ya kumshukuru, na Kampala haijui sherehe ndogo. Palikuwa na hema, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, spika mbili kubwa kama makabati, na mshereheshaji aitwaye Ocen aliyevaa suti ya zambarau. Wandera akaketishwa kwenye kiti cha enzi cha kukodi. Kila alipojaribu kunyanyuka, hata kujitilia maji, mtu alimrudisha: "Mgeni wa heshima, tulia!"

Wakaanza kusema. Nabangala, mwenyekiti wa wauza matoke, mama mnene mwenye sauti ya kuita lori lililo mbali, akashika kipaza sauti.

"Wandera, sisi nakushukuru. Zamani mteja nakuja hapa, matoke hakuna, narudi nyumbani nanitukana. Sasa nauliza kwa simu, kama hakuna, natukana simu."

Makofi. Ikaletwa keki. Ilikuwa na umbo la mkungu wa matoke, kijani kibichi, na juu yake kwa sukari nyeupe: KILO 1.

Wandera aliikodolea macho. "Mama Nabangala, hii kilo moja ni ya nini?"

"Si mkungu?"

"Mkungu mzima ni kilo moja?"

Hema zima likacheka, likidhani anatania. Nabangala akamgeukia kwa upole, kama anayemkumbusha mtoto njia ya nyumbani.

"Mwalimu, ni wewe ulitaka kilo. Simu nauliza: 'Una kilo ngapi?' Hapa nani anapima matoke? Sisi nahesabu mikungu. Lakini wewe ni mtu ya kusoma, unatufanyia kazi ya bure, tunakwambiaje umekosea? Tukasema sawa, mkungu ni kilo. Mkubwa kabisa ni kilo mbili."

"Miaka minne?"

"Yote."

"Na ile shule?" sauti ikapazwa kutoka nyuma.

"Ah, shule!" Nabangala akaanza kucheka hadi akashika meza. Shule moja ya bweni iliomba kilo mia mbili. Lori likashusha mikungu mia mbili. Watoto wakala matoke hadi wakaomba mihogo.

Wandera hakucheka. Akanigeukia mimi niliyekuwa mbele. "Mwanza je? Nao wanapima?"

Ilibidi niseme kweli. "Mwanza walifuta kilo wiki ya kwanza. Wakaweka debe na mkungu."

"Bila kuomba ruhusa?" Nabangala akashtuka. "Watu wa Mwanza hawana adabu!"

"Ndio ninaowataka!" Wandera akasimama, na safari hii hakuna aliyemrudisha kitini. "Nani hapa anaweza kuitoa hiyo kilo? Sikati keki mpaka nimjue."

Ocen akaangalia ratiba yake, hakukuta kipengele hicho. Kisha macho yakaanza kumwelekea Faridah, mmoja mmoja, kama kuku wanaoona mtama.

Faridah alikuwa Mnubi wa Bombo, binti wa msuka mikeka, aliyeuza vitunguu asubuhi na mchana kusomea kompyuta. Wandera ndiye aliyemfundisha hatua za kwanza.

"Iko tayari," akasema akitazama viatu. "Mkungu mdogo, wa kati, mkubwa. Nimeijaribu, inafanya kazi."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Faridah! Miaka miwili umeikalia?"

"Sasa nakusahihishaje, mwalimu? Mbele ya watu wote? Ningeituma, jina langu lingekaa juu ya lako. Mama angenifukuza nyumbani."

"Ningemfukuza," mama yake akathibitisha kutoka safu ya tatu.

"Itume sasa."

Kompyuta yake ikawekwa kando ya keki. Ikatumwa. Wandera akaisoma mstari kwa mstari, na ule uso uliokuwa umeuvumilia mchana wote wa sifa ukafunguka taratibu. Akamwonyesha kosa moja dogo. Faridah akamwonyesha kwamba si kosa. Wandera akasoma tena, akapiga meza kwa furaha. "Kweli, si kosa! Ananibishia! Mmemwona ananibishia?"

Akaipokea. Kilo ikafutika, na pale palipokuwa na jina lake peke yake kwa miaka minne pakatokea la pili. Akampa Faridah funguo zote za programu, mbele ya mashahidi na spika mbili, ndipo akakata keki.

Hakukuwa na muda tena. Mama Faridah alimkabidhi Wandera mkeka uliokunjwa, bodaboda ikawashwa, naye akapanda kiti cha nyuma akiwa na mkeka mapajani kama mtoto. Aliondoka mdomo umejaa keki.

Mimi nilibaki na sahani yangu. Vumbi halijatua bado, Alanyo, muuza viazi, mama Mwacholi aliyekuwa hajasema kitu tangu saa nane, akavuta kiti cha plastiki hadi kwa Faridah.

"Sasa wewe. Viazi zangu. Simu nasema 'fungu'. Fungu ya asubuhi na fungu ya jioni ni kitu moja?"

Faridah akafungua mdomo ajitetee. Akaufunga. Akaigeuza kompyuta upande wa Alanyo.

"Nionyeshe, mama. Ya jioni inapungua viazi vingapi?"

Nyuma yao wanawake wengine watatu walikuwa wameshaanza kusogeza viti.