Nyimbo za Vidole Vitatu

Padri Mbrazili aliyekaa parokiani kwetu miaka minne aliniachia faili la karatasi za nota alipohamishwa. Alikuwa ameziandika kwa mkono, kwa wino wa bluu, bosanova na jazi ya kwao, na juu ya kila ukurasa aliandika jina la wimbo kwa Kireno, lugha ambayo sijui hata neno lake moja. Mimi nilikuwa mpiga kinanda wa kwaya. Nilifundishwa na masista, na vidole vyangu vilizoea nyimbo zinazokwenda zimenyooka kama watu walio kwenye foleni ya komunyo. Padri ndiye aliyenikalisha Jumamosi baada ya mazoezi akanionyesha kwamba mkono wa kushoto unaweza kutembea bila haraka, wa kulia ukachelewa kidogo makusudi, na wimbo usianguke. Kwa kuwa sikuweza kusoma majina, nilizipa nyimbo majina yangu: wa Mvua, wa Ngazi, wa Jirani, wa Mama Amenuna.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imeshafunguliwa. Ndege za mizigo zilishuka Mwanza kuchukua minofu ya sangara, na watu tuliowajua wakiuza samaki kwenye ndoo walianza kujenga ghorofa. Mmoja wao alinisubiri nje ya kanisa baada ya misa ya pili. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye maboti na malori ya barafu, sauti yake ya chini na ya upole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimeambiwa unajua muziki wa Kibrazili."

Alikuwa ameusikia Nairobi, hotelini, alipokwenda kuonana na wanunuzi wa samaki. Mtu alikuwa akipiga piano taratibu, akasema, na wazungu wote walikuwa wametulia. Sasa wanunuzi hao wangekuja nyumbani kwake mwezi wa nane. Piano ilikwishafika kwa treni. Alitaka mke wake ajifunze.

"Sitaki nyimbo za kanisani," alisema. "Nataka hizo tu."

Nyumba yake ilikuwa Capri Point, imekaa juu ya mawe. Ukuta uliizunguka pande tatu, na upande wa nne palikuwa na majabali yanayoshuka hadi ziwani. Kila dirisha lilikuwa na nondo. Piano ilikuwa nyeusi, mpya, na unyevu wa ziwa ulikwisha kuiharibu kidogo: vitufe viwili vya chini vilikuwa vikishuka bila kupanda tena mpaka uvinyanyue kwa ukucha.

Mke wake alikuwa na miaka ishirini na mitatu, binti wa familia ya wavuvi upande wa Mara. Aliniamkia kwa adabu zote ingawa nilimzidi miaka minane tu. Siku hiyo ya kwanza hatukufanya kingine ila kuchagua. Nilipiga mwanzo wa kila wimbo, naye akasema ndiyo au hapana. Wa Ngazi aliukataa, akasema unamchosha miguu. Wa Mama Amenuna ulimfurahisha hata kabla sijamwambia jina lake, na nilipomwambia alicheka, nami nikacheka.

"Mbona mmenyamaza?" sauti ya mume ilitoka chumba cha pili.

Mikono ya mke ilikuwa juu ya vitufe kabla sijageuza kichwa. Alipiga chochote, nota tatu nne zisizo na maana, na uso wake haukuwa tena na dalili yoyote ya kicheko. Sisi hatukuwa tumenyamaza. Ni muziki tu uliokuwa umesimama.

Nilikwenda kila Alhamisi saa nane mchana. Mume alikuwa nyumbani saa hizo, amekaa na makaratasi yake nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Nilielewa upesi kwamba muziki ukiendelea, haji; ukikatika, anakuja. Kwa hiyo nilibadili namna yangu ya kuchagua. Badala ya kutafuta wimbo mzuri, au hata wimbo unaomfaa mwanafunzi, nilitafuta ule ambao mkono wa kushoto unarudia jambo lilelile kwa muda mrefu, ili mtu aweze kusema neno chini yake. Wa Jirani ulifaa kuliko zote. Haukuwa na mwisho. Padri mwenyewe aliandika alama ya kurudia pale chini na hakuandika mahali pa kutokea.

Mke alijifunza haraka. Alikuwa na sikio, na ule ucheleweshaji wa mkono wa kulia, ulionichukua mimi mwaka mzima, yeye aliupata kwa wiki tatu.

Wiki ya nne nilikuta kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kimevimba, kimefungwa kwa kipande cha kanga.

"Mlango wa gari," alisema, kabla sijauliza.

Mume alitokea mlangoni. "Chagua wimbo mwingine, mwalimu. Usiokipa kazi kidole hicho."

"Ndiyo mzee," nikasema.

Nilikuwa naishi Mabatini na dada yangu mkubwa, fundi cherehani. Jioni ile nilitandaza karatasi za padri juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, nikazipitia moja moja huku nimekunja kidole changu kidogo. Nilipata nyimbo tatu zinazopigika kwa vidole vinne. Nakumbuka nilifurahi. Nimeishi na furaha ile miaka yote hii na bado inanitia aibu, kwamba mtu aliniletea mkono ulioumizwa, nami nikaona nimepewa swali la muziki nikalijibu vizuri.

Baada ya wiki mbili kilikuwa kidole cha pete. Msichana wa kazi aliyekuwa akituletea chai naye hakuwepo tena, alikuwa amefukuzwa. Mume hakuja mlangoni siku hiyo. Alisema tu kutoka alikokuwa, kwa ile sauti yake ya upole, "Tafuta mwingine, mwalimu. Nakuamini."

Tulianza wa Jirani. Mimi nilishika upande wa kushoto, yeye akapiga kwa vidole vitatu vilivyobaki.

"Si mlango wa gari," nikasema chini ya muziki.

Alipiga mzunguko mzima kabla ya kujibu. "Nilimwandikia mama barua. Mume wangu akaikuta. Halafu nikaandika nyingine, nikampa msichana wa kazi."

"Ndiyo sababu ya mkono huu?"

"Ndio ninaoandikia."

"Na wageni je? Si anataka upige?"

"Anasema nitapiga hata hivyo." Akakosea nota, akarudi, akaipata. "Anasema mwalimu wangu ni hodari. Atapata wimbo."

Dada yangu hakutaka kusikia. "Nyumba za watu usiziingie," alisema, mguu ukiwa bado kwenye cherehani. "Mtu yule ana kila mtu mfukoni. Acha kwenda, basi." Asubuhi yake, tukinywa chai, aliniuliza, "Vimebaki vingapi?"

"Mkono huo, vitatu."

Alimaliza chai yake, akakisukuma kikombe. "Muulize anataka kwenda wapi."

Alitaka kwenda kwao. Alhamisi iliyofuata alinieleza kwa vipande vipande, sentensi moja kwa kila mzunguko wa wimbo. Mume akitoka, hufunga mlango wa nyuma kwa kufuli na kuondoka na funguo. Akiwepo, mlango huo huwa wazi kwa ajili ya upepo. Getini kuna mlinzi, lakini upande wa ziwa hakuna mtu, kwa sababu mume haamini kwamba mtu anaweza kupita pale. Lakini mke alikuwa amelelewa kwenye mawe kama yale. Angeshuka, angeingia majini mpaka kiunoni, angeuzunguka mwisho wa ukuta na kutokea kwenye njia ya jirani. Alichohitaji ni dakika ishirini na mtu wa kupiga piano.

"Atajua ni mimi," nikasema.

"Ukipiga kama wewe, atajua."

Wiki ile nzima nilijifunza kupiga vibaya. Nilikaa kwenye kinanda cha kanisa, kidole kidogo na cha pete vimefungwa kwa kitambaa, nikarudia makosa yake: ile nota aliyoikosa na kuirudia, na mahali alipovuta pumzi na mkono ukachelewa kupita kiasi. Ilikuwa kazi ngumu kuliko muziki wowote niliowahi kujifunza. Mwenye kufagia kanisa alinihurumia, akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi ilifika, jua kali, ziwa limetulia kabisa. Mume alinisalimu, akauliza habari za kwaya, akaenda kwenye makaratasi yake. Tulianza wote wawili. Mzunguko wa tatu niliupokea mkono wa kulia kutoka kwake, kidole kimoja kikiingia kingine kikitoka, sauti isikatike. Akasimama. Alikuwa peku. Alinigusa begani mara moja na kwenda.

Nilikuwa na saa mkononi lakini sikuweza kuitazama. Nilihesabu mizunguko. Kumi. Kumi na tano. Nilikosea pale anapokosea, nikarudi pale anaporudi. Jasho liliingia machoni nami sikuweza kulifuta. Kwenye mzunguko wa ishirini na kitu nilisikia kiti kikisogezwa chumba cha pili. Sikuacha.

Alisimama mlangoni, kisha akaja, akaketi kando yangu kwenye benchi la piano, mahali pa mke wake.

"Yuko wapi?"

"Ameenda chooni, mzee."

"Endelea."

Niliendelea. Alifumba macho, kichwa chake kikafuata mapigo kidogo. Alikuwa akiupenda kweli muziki ule. Hilo lilinitisha kuliko kama angekuwa anajifanya.

"Unapiga kama yeye," alisema baadaye.

Nilianza mzunguko mwingine.

"Mwalimu. Vidole vyako vyote ni vizima. Kwa nini unatumia vitatu?"

Akaushika mkono wangu wa kulia, akauinua kutoka kwenye vitufe, taratibu kama mtu anayenunua kitu asichotaka kukivunja. Akakinyoosha kidole changu kidogo kati ya viwili vyake. Nyumba ilikuwa kimya. Nadhani kimya hicho ndicho kilichoniokoa, maana alikisikia naye: hapakuwa na maji yanayomwagika chooni, wala nyayo kwenye korido. Aliniachia. Akaenda jikoni akiita, akatoka nje kwa nyuma, kisha nikasikia viatu vyake vikiteleza kwenye mawe.

Nilichukua mkoba, nikatoka kwa mlango wa mbele. Mlinzi alinifungulia geti na kuniaga kama Alhamisi nyingine yoyote. Faili la padri lilibaki juu ya piano.

Dada alikuwa amemsubiri mke kwenye njia ya jirani na teksi, na gauni kavu aliloshona mwenyewe kwa kukadiria. Aliniambia kwamba mke alitokea ameloa mpaka kifuani, goti linavuja damu, na alibadilisha nguo ndani ya gari. Igoma walilikuta basi la Musoma likiwa tayari linaunguruma. Alipanda, akakaa upande wa dirishani, akainamisha kichwa chini mpaka gari likaondoka.

Mume hakujua ninapoishi, lakini kanisa alilijua. Jumapili ile alikaa benchi la mbele, upande wa kwaya. Aliitazama mikono yangu tangu wimbo wa mwanzo mpaka wa mwisho. Jumapili ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Ya nne nilimwambia mwalimu wa kwaya naumwa, na sikurudi tena kwenye kinanda kile.

Baadaye mke aliniandikia, kwa anwani ya dada. Barua ilikuwa na herufi kubwa zinazoegemea upande, nikaelewa ameandika kwa kushoto. Mume alikwenda kwao mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda peke yake, kaka wa mke wakampokea uani na kumpa kiti, lakini hawakumruhusu kupita mlangoni. Mara ya pili alikwenda na watu, akakuta ukoo mzima umekaa nje unamsubiri, akageuza gari. Vidole viwili havikunji tena, aliandika, ila kazi anafanya. Kuhusu piano hakuuliza, nami nilipomjibu sikuitaja.

Yapata miaka miwili ilipita. Nilikuwa soko kuu nikichagua nyanya nilipoisikia ile sauti nyuma yangu.

"Mwalimu! Bado unafundisha?"

Alikuwa amenenepa kidogo. Nilimwamkia, kwa sababu mdomo wangu ulimwamkia wenyewe, akaitikia kwa furaha.

"Nimeacha, mzee."

"Usiache kitu ulichojaliwa. Nimeoa tena, unajua? Anapenda sana muziki. Njoo umwone, umchagulie nyimbo. Karatasi zako zote nimezitunza."

Nikamwambia nitakuja. Dada alinifokea siku tatu. Nilijua tu kwamba nisipokwenda nitaanza tena kuhesabu vidole vya mtu nisiyemjua.

Mke mpya mwenyewe alinipokea sebuleni, msichana mrefu, mwenye sketi ya shule iliyobadilishwa vifungo. Mume alikuwa akiongea na simu kwenye korido. Niliangalia mikono ya msichana kwanza. Vidole vyote kumi vilikuwa sawa.

"Mimi sipendi muziki," aliniambia kwa sauti ya chini. "Sijui nani kamwambia."

Nilikaa naye kwenye piano nikaanza kupiga, wa Jirani, kwa vidole vyote. Mkono wa kushoto ukiendelea, nilitoa mkobani karatasi niliyokuwa nimeandikia jina la mtaa wa Mabatini na namna ya kufika kwenye cherehani ya dada, nikaiweka juu ya vitufe mbele yake.

Hakuigusa. Aliinama kidogo, kama mtu anayefuata nota, kisha akarudi nyuma.

"Irudishe mkobani," akasema. "Nimeshaisoma."