Ziada Niliyokataa Igawiwe

Meneja wangu alinitaka niandike kwamba benki yetu ina mtaji wa ziada usio na kazi. Nikakataa.

Ilikuwa miaka ya tisini, benki changa ya mkoa, makao yake Shinyanga mjini. Wenye hisa walikuwa wakulima wa pamba, walimu, na wafanyabiashara wachache wa Kihindi wenye maduka pale mjini. Mimi nilikuwa mhasibu mkuu. Mwenyekiti wa bodi, mnunuzi wa pamba mwenye sauti kubwa, alitaka ziada ile igawiwe yote.

"Sheria inataka kiasi fulani, sisi tumekipita," meneja aliniambia. "Kinachozidi ni cha wenyewe. Andika tu, dada."

"Siandiki."

"Unajifanya una uchungu na wakulima kuliko mwenyekiti?"

"Najua mikopo yetu iko wapi."

Karibu yote ilikuwa kwa wanunuzi wa pamba na madalali wa dhahabu wa upande wa Geita. Mtaji ni fedha ya wenye hisa. Mkopo usipolipwa, ndiyo inayoumia kwanza, kabla hasara haijagusa akiba ya mteja. Sheria ilitupa kiwango kilekile walichopewa wenzetu wa Dar es Salaam waliokopesha watu wa kila aina. Sisi pamba ikianguka tulianguka nayo. Mimi sikuona ziada yoyote pale.

Mkutano wa wanahisa ulifanyika asubuhi katika ukumbi wa parokia. Mwenyekiti alisema fedha zimelala, ziamshwe. Watu wakapiga makofi. Nikasimama bila kuitwa.

"Keti, mama," alisema. "Wataalamu wataitwa wakihitajika."

"Nina hisa humu, mzee. Nasema kama mwenye hisa."

Niliacha Kiswahili cha ripoti nikasema Kisukuma, ili hata waliokaa nyuma wanielewe. Niliwaambia fedha zile hazijalala popote. Zimekopeshwa, zimo kwenye malori ya pamba na kwenye mifuko ya madalali. Wanunuzi wasipolipa, hasara italiwa na mtaji. Na kama mtaji tumeshagawana, zitaliwa akiba zenu.

Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa, aliinua mkono.

"Mwenyekiti, kampuni yako imekopa kwetu?"

Watu wakageuka kumtazama mwenyekiti.

"Hilo si la leo," mwenyekiti alijibu.

"Basi na gawio si la leo."

Kura zilipopigwa, hoja ya mwenyekiti ilianguka. Wiki iliyofuata nilipewa barua ya uhamisho kwenda Kharumwa, kwenye tawi la chumba kimoja lenye dirisha la nondo, wateja wengi wakiwa wachimbaji wadogo waliokuja na udongo mwekundu hadi magotini. Walidhani nitaacha kazi. Nilipanga nyumba, nikanunua kuku.

Msimu uliofuata bei ya pamba ilianguka. Wanunuzi hawakulipa, mwenyekiti akiwa mmoja wao. Hasara ilikula ile ziada karibu yote. Wakaguzi walikuja kutoka Dar es Salaam, wakatukuta juu kidogo tu ya mstari wa sheria, wakaiacha benki wazi. Hakuna aliyenipigia simu kunishukuru, na sikuingoja.

Siku moja mama mmoja mkulima, mwenye hisa, alifika dirishani.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, "ni wewe uliyetunyima gawio?"

"Ni mimi."

"Nilitaka kununua mabati. Nyumba yangu inavuja."

Maneno yale yaliniuma, kwa sababu nyumba yake ilikuwa inavuja kweli. Hata hivyo sikumwomba radhi.

"Na akiba yako, mama?"

"Ipo. Nimekuja kuitoa."

Nilimpa fedha zake zote. Alizifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka bila kuniaga. Angerudi leo kuniuliza swali lile, ningemjibu vilevile.