Ubishi wa Hatibu Banzi Kuhusu Mafundi wa Mezani

Hatibu Banzi alikuwa mhadhiri msaidizi wa takwimu katika chuo kimoja cha Morogoro, na kwa muda mrefu alikuwa "anamalizia" shahada yake ya uzamivu. Wenzake walioanza naye walishamaliza, wakapewa ofisi zenye viyoyozi, wakaanza kuitwa Dokta hata na wake zao. Yeye alikuwa anamalizia. Ukimuuliza amefika wapi, anakwambia sura ya nne inahitaji marekebisho madogo, kisha anabadilisha mada na kukusahihishia Kiswahili chako.

Alizaliwa Kinole, kwa watu wa mdalasini na machungwa. Mama yake huko milimani huwaambia majirani kwamba mwanawe ni profesa. Katika watu wote anaowafahamu, ni mama yake tu ambaye Hatibu hajawahi kumsahihisha.

Kila Jumamosi mchana, akishakula, alikwenda Kigurunyembe kwa Mwalimu Paskalia kucheza. Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni wa kukaa mezani na kusimulia. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni. Msimamizi anaeleza mmekutana na nini, nyinyi mnasema mtafanya nini, na dadu lenye pande ishirini linaamua kama mmefaulu au mmeumbuka. Msimamizi alikuwa Paskalia mwenyewe, anayefundisha historia sekondari na kuujua uso wa mtu anayetaka kudanganya. Mwanzoni walikuwa wakitamka neno "uchawi" kwa sauti, mpaka jirani mmoja, mama mtu mzima, alipokuja kupiga hodi na kuuliza, kwa heshima zote, wanamloga nani. Tangu siku hiyo wakasema "ufundi".

Mafundi wa mchezo huo hawafanani. Msomi hupata ufundi kwa kusoma. Ana kitabu kinene, na kila asubuhi huchagua atakayoyatumia siku hiyo; asiyoyachagua, hana. Mzaliwa hakusoma popote, ufundi umo kwenye damu yake. Mtumishi hupewa na mungu wa kubuni, na ndiye anayejua kutibu. Mwenye Mkataba amepatana na zimwi. Manju huimba, na akiimba mambo huwa.

Hatibu alikuwa Msomi. Asingeweza kuwa kingine, na hakukubali wengine nao wawe kingine kwa amani.

"Mzaliwa ni mtoto wa mkubwa aliyepata kazi bila usaili," alikuwa akisema huku akimenya ndizi za Paskalia. "Mwenye Mkataba ni mtu wa mradi wa wafadhili, anapewa lakini anapangiwa. Mtumishi ni kuomba tu, kila siku kuomba. Na Manju..." Akamtazama Sabra. "Manju ni MC."

Sabra alikuwa MC kweli. Harusi za kuanzia Mji Mpya mpaka Dumila zilimjua sauti.

"Mshereheshaji," alijibu. "Na harusi bila mimi ni kikao cha ukoo."

Simon wa idara ya maji, aliyecheza Mtumishi, alichukua ndizi nyingine. Alikuwa amemtibu Hatibu mara nyingi mno kiasi cha kutohitaji kujitetea.

Basi Jumamosi moja kundi lao likafika kwenye daraja linalolindwa na jitu. Asubuhi ya siku hiyo, ndani ya mchezo, Hatibu alikuwa amechagua moto: mpira wa moto, mshale wa moto na ukuta wa moto. Paskalia akaeleza kwamba mvua inanyesha ya mawe, na jitu limesimama mtoni, maji kifuani. Hatibu akafungua kitabu, akafunga, akafungua tena.

"Jitu lina jina?" Sabra aliuliza.

Paskalia akatazama karatasi zake. "Linaitwa Gunguru. Hakuna aliyewahi kuliuliza."

Sabra akasimama, akavuta pumzi, akaanza kulitambulisha kama bwana harusi anayeingia ukumbini. Akalisifu mabega, akausifu ukoo, akaomba makofi ya wageni waalikwa. Akarusha dadu: ishirini. Jitu likalia machozi, kisha likawavusha wote mgongoni. Hatibu naye alivushwa, kitabu kichwani kisilowe, kama mtu anayehamisha godoro wakati wa mafuriko.

Hilo lilimkaa rohoni. Alikwenda nalo nyumbani, akaamka nalo, akaingia nalo darasani. Wiki hiyo sura ya nne haikuguswa kabisa. Jumamosi iliyofuata akaja na projekta ya chuo, akaomba shuka la Paskalia, akalitundika ukutani, na wachezaji waliokuja kupumzika wakajikuta mhadharani.

Alikuwa amelinganisha mafundi wote. Kila mmoja alipewa mnara wake wa rangi kwenye grafu. Mnara wa Msomi ulipanda mpaka ukavuka shuka na kuendelea kwenye dari. Wa Manju ulikuwa na urefu wa kidole gumba.

"Hapo umepima nini?" Paskalia aliuliza.

"Madhara kwa adui, katika kila zamu."

"Na adui amesimama wapi?"

"Mbele. Uwanja wa wazi."

"Anafanya nini?"

Hatibu akautazama mnara wake. "Anasubiri."

Sabra alicheka mpaka akaushika ukuta. "Huyo adui wa chuoni, kaka! Wa huku hasubiri."

Hata Simon alitabasamu, na hilo ndilo lililouma zaidi. Hatibu akakunja waya wa projekta kwa hasira, akasema ataunda kundi lake, Wasomi watupu, wasiochanganyika na waimbaji wala waombaji, na ulimwengu utajionea. Akamwomba Paskalia awasimamie. Paskalia akakubali kwa haraka ambayo ilipaswa kumtia Hatibu wasiwasi.

Aliwapata wahadhiri wanne, wote wenye shahada ya uzamivu, wote waliovutiwa na mchezo ambao ndani yake kitabu ni silaha. Mkubwa wao alikuwa Dokta Scholastika, mtaalamu wa udongo, mama mpole aliyekaribia kustaafu na aliyewahi kumfelisha Hatibu somo moja bila kupandisha sauti. Walikutana kwenye chumba cha mikutano cha idara. Mchana mzima wa kwanza uliishia kwenye utambulisho, jina la kundi, na swali la nani awe mwenyekiti. Mchana wa pili Hatibu akawaonyesha minara yake. Kwa kuwa moto ndio ulioongoza kwenye takwimu, wote watano wakachagua moto.

Mchana wa tatu mchezo ukaanza. Paskalia akawapa kazi ya watoto: mkulima ana ghala la mahindi, limevamiwa na panya wakubwa kama mbuzi, anaomba msaada.

"Mlango ni mwembamba, anapita mtu mmoja mmoja," akaeleza. "Nani anatangulia?"

Wote wakainamia karatasi zao. Msomi ana ufundi mwingi, ila mwili wake ni wa karatasi; akipigwa mara mbili amekwisha. Kila mmoja mezani alikuwa amesoma kanuni hiyo na kuipigia mstari.

"Kwa utaratibu," alisema Dokta Scholastika, "kazi ya uwandani hutanguliwa na mwenye shahada ndogo."

Macho yote yakamgeukia Hatibu.

"Dokta, mimi namalizia."

"Ndiyo, mwanangu. Malizia ukiwa mbele."

Akatangulia. Panya wa kwanza akamng'ata mguu, wa pili akamng'ata pale pale. Hatibu akageuka, akauliza nani wa kumtibu. Wahadhiri wanne wakafungua vitabu kwa pamoja, wakatafuta, wakatazamana. Akauliza nani ana ufundi wa kulaza usingizi. Hakuna. Wa kufunga milango? Hakuna.

"Tuna moto," alisema mmoja, kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya maabara yasiyo mazuri.

"Jamani, humu kuna mabua makavu, kuna magunia..." Hatibu alianza, lakini Dokta Scholastika alikuwa amekwisha kurusha dadu, na dadu lilikuwa zuri sana.

Panya wote walikufa. Ghala nalo likaisha, na mavuno ya mwaka, na Wasomi wote watano.

"Mkulima yuko nje," Paskalia alisema huku akikusanya karatasi zake. "Anauliza mmefikia wapi."

Dokta Scholastika alicheka mpaka akavua miwani. Hatibu akaanza kueleza kwamba tukio moja halitoshi kutoa hitimisho, kwamba ghala ni mazingira yasiyo ya kawaida, na kwamba mapungufu yalikuwa ya utekelezaji. Alieleza mpaka mlinzi akaja kufunga chumba.

Jumamosi kadhaa hakuonekana Kigurunyembe. Akiulizwa, sura ya nne. Aliporudi, alikuta kiti chake kina mtu: Dokta Scholastika, kanga mabegani, karanga mkononi.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sasa ni Mzaliwa. Nimesoma maisha yangu yote, nataka kitu kisichodaiwa marejeo."

Simon alikuwa amehamishiwa Dumila, kwa hiyo nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, ya Mtumishi. Hatibu aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa sare ya shule nyingine. Lakini akaketi. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kubishana naye.

Mchezo ukachangamka. Wakavamiwa na majambazi bondeni, na katika zamu za mwanzo tu Manju wa Sabra akachomwa mkuki, akaanguka.

"Mtibu," alisema Paskalia.

"Namtibu. Ila kwanza tuelewane amefikaje hapo." Hatibu akaegemea mbele, macho yanang'aa; kwa mara ya kwanza kwenye meza ile kila mtu alikuwa akimhitaji yeye. "Manju hana ngao. Manju amesimama mbele. Kitaalamu, uwezekano wa..."

"Hatibu, natoka damu," Sabra alisema.

"Ndiyo maana naeleza."

"Zamu yako imepita," Paskalia alisema.

Sabra akarusha dadu la kujiokoa. Likazunguka, likasimama kwenye moja. Manju aliyelivusha kundi mtoni, aliyeimba tangu siku ya kwanza ya mchezo, akafa bondeni hatua mbili kutoka kwa tabibu wake.

Sabra akaikunja karatasi yake mara mbili, akainuka kwenda jikoni kuchemsha chai. Dokta Scholastika akaendelea kula karanga.

Hatibu akakaa kidogo, kisha akamfuata. Njiani alikuwa na neno moja tu, samahani, na alilishika vizuri mpaka mlangoni. Sabra alikuwa akimimina chai vikombeni, mgongo umemwelekea yeye.

"Unajua," Hatibu akasema, "kama ungesimama nyuma ya mwamba..."

Sabra akageuka. Akamwekea mikononi sinia la vikombe vilivyojaa, likiwa zito na la moto.

"Beba," akamwambia. "Na usiongee, utamwaga."