Chai Iliyonuka Dawa ya Magoti

Walimwita Msumari tangu alipoolewa huku mlimani, maana akishaingia mahali, kumng'oa mpaka uvunje ubao. Mumewe, fundi wa mapaa, alikuwa akisema, "Napigilia misumari kutwa, jioni narudi kwa ule usiopigika."

Chai aliikuta imepandwa na baba mkwe, mistari imeshika mteremko kama nywele zilizosukwa. Miaka yote walichuma, wakashindilia magunia, wakangoja lori barabarani. Lori likichelewa, majani yalipata joto ndani ya gunia kama mgonjwa wa homa, yakawa mekundu, na karani wa lori akayamwaga mtaroni bila hata kusema pole.

Siku moja Msumari alisimama juu ya rundo lake lililomwagwa.

"Mimi silishi mtaro tena," akasema. "Chai tutaitengeneza wenyewe, huku huku juu."

Wenzake walicheka. Kisha wakamfuata, kwa kuwa na wao walikuwa na marundo yao pale pale.

Mama mkwe aliwapa chumba cha mwisho cha nyumba yake. Walitandaza majani kwenye vichanja yalegee, wakayasokota kwa viganja, wakayaacha yageuke rangi, wakayakausha kwenye sinia juu ya mkaa. Na kusokota, hakuna aliyemfikia mama mkwe. Wengine walivunja majani kama wanaofikicha maharage makavu. Mikononi mwake jani lilijikunja lenyewe, zima, jembamba.

Mnunuzi akapanda kutoka mjini na kijiko chake. Alivuta chai mdomoni kwa kelele, akaizungusha, akaitema kwenye kopo.

"Mmesokota vizuri," akasema. "Ila akina mama, chai hii inanuka dawa ya kuchua. Nitarudi wiki ijayo. Ikiwa hivi tena, mlima huu siupandi."

Kila mtu alijua. Mama mkwe alikuwa na magoti mabovu, na kichupa cha dawa ambayo ukipita tu mlangoni machozi yanakutoka. Asubuhi alijichua, akafuta mikono kwenye kanga, akaja kusokota. Na chai haina adabu: harufu yoyote inayoikuta, inaibeba.

"Itakuwa huyu mshonaji," mama mkwe akasema, akimwonyesha mwenzao mmoja kwa kidevu. "Anaogea marashi."

"Mimi, mama? Mimi hata sabuni ya kufulia naazima!"

Walipotoka nje, wote walimgeukia Msumari. "Mkwe ni wako. Mwambie."

"Kweli mzigo wa mwenzio kanda la usufi," Msumari akajibu.

Kumwambia mama mkwe kwamba ananuka! Wapo waliorudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hilo. Tena chumba ni chake, na mikono yake ndiyo chai yenyewe. Akinuna, kikundi kimekufa, na wote wanarudi kungoja lori.

Kwanza Msumari alijaribu kuzunguka. "Mama, yule mnunuzi ana pua kali."

"Basi akaipeleke hospitali."

Kuzunguka si kazi ya msumari. Kesho yake aliketi chini, miguuni pa mama mkwe, akasema, "Mama, ni dawa yako. Imeingia kwenye chai."

Mama mkwe aliweka kikombe chini taratibu. "Unanifukuza kwenye chumba changu?"

"Sikufukuzi. Wewe ukitoka, sisi tunabaki na chakula cha mbuzi. Nafukuza chupa."

"Na magoti yangu? Utanipa ya kwako?"

"Nitakupa mikono yangu."

Toka siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, Msumari alichemsha maji, akakamua kitambaa cha moto, akayafunga yale magoti na kuyakanda mpaka jasho likamtoka.

"Unanichemsha kama kiazi," mama mkwe alilalamika.

"Kiazi hakilalamiki, mama."

"Kwa sababu hakina mkwe!"

Chumba walikisugua kwa majivu, kanga zote zikafuliwa, mshonaji akaacha marashi kwake akinung'unika. Ile chai ya kwanza waliimalizia nyumbani. Fundi wa mapaa aliinywa, kisha akasema mgongo wake umepata nafuu.

Mnunuzi akarudi. Akavuta chai kwa kelele zile zile. Macho yote yalikuwa kwenye kopo. Akazungusha, akazungusha tena, halafu koo likapanda na kushuka. Amemeza! Akanyoosha kikombe aongezwe.

"Mnaweza kunitengenezea hii hii kila mwezi?" akauliza.

Wanawake walimtazama Msumari. Msumari akamtazama mama mkwe.

"Hilo yaulize magoti yangu," mama mkwe akasema. Akainua pindo la kanga, akanyoosha miguu. "Mwanangu, maji yalishapoa. Hebu kachemshe."

Msumari akaenda kuchemsha maji.