Siku Kikundi Kilipokataa Kupika

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msidhani kikundi huanza na ubaya. Cha huku kwetu, juu ya Nyamache, kilianza na majani chai. Wanawake walichumiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na kukiwa na msiba wao ndio walipika. Halafu wakanunua leso za rangi moja. Halafu wakaanza kusalimiana wao kwa wao njiani, sisi wengine wanatupita kama miti.

Jirani yangu alikuwa mmoja wao. Mama mkwe wake akaugua, hawezi hata kujigeuza kitandani. Jirani akakosa zamu, akakosa tena, wakamfukuza. Nilimuuliza mke wa mwanangu, maana naye ni wa kikundi, "Mnafukuza mtu anayeosha mgonjwa?"

"Mama, kila mtu ana mgonjwa. Sheria ni sheria."

Hata sauti haikuwa yake. Ni mwenyekiti wao huongea hivyo.

Yule mgonjwa akafa. Tuliolewa kijiji hiki msimu mmoja, mimi na yeye. Siku ya kumzika kikundi kilikuja chote, nikashukuru Mungu. Kumbe wamekuja kukaa. Walikaa mstari mmoja na leso zao, mikono mapajani, na jirani anapuliza moto peke yake. Wachimba kaburi hawakuwa wamekunywa hata chai. Watu wa mbali walianza kuondoka kabla ya maombi.

Mmoja wa kikundi akasema kwa sauti, "Leo tutakula moshi." Wakacheka. Kwenye matanga.

Nilimwendea mke wa mwanangu nikamwambia ainuke.

"Mama, nikishika mwiko leo, kesho ni mimi."

Anaogopa wanawake waliochota maji pamoja naye tangu aolewe.

"Basi iwe kesho," nikamwambia. "Leo tuna maiti."

Akainuka. Hakuna mwingine aliyeinuka.

Na kesho ilikuja kweli. Sasa hata kanisani hawamsalimu. Sabato hukaa na watoto wake tu kwenye benchi refu. Zamu ya shamba letu ilifika, hakuja mtu. Majani yakakomaa, na ya jirani yakawa kichaka. Mke wa mwanangu hulia jikoni akidhani sisikii. Sikumbembeleza. Niliita nyumba nzima asubuhi nikasema:

"Anayeweza kusimama achukue kikapu. Mtaanza na shamba la jirani, halafu letu. Na yeyote mtakayekutana naye njiani, hata huyo mwenyekiti, mtamsalimu."