Madumu ya njia ya boti Nkombo yalipotea, harusi yangu ikabaki inaning'inia

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mliojificha chooni na simu. Leo nawasimulia nilivyokaribia kukosa mke kwa sababu ya madumu. Sijatia chumvi, mke mwenyewe yuko hapa pembeni anasoma.

Nimekulia Bukavu, baadaye familia ikarudi Rwanda tukaishi Kamembe. Vita vya Kongo vilipoanza kupoa nikapata ukarani kwenye kamati ya gati letu dogo, Ziwa Kivu.

Miaka hiyo biashara ilirudi kwa fujo. Boti za injini zilipita popote zinapotaka, zikikata nyavu za watu.

Siku moja boti ikapindua mtumbwi uliobeba vitu vya harusi. Watu waliokolewa wote, ila masufuria mpaka leo ni mali ya samaki.

Sasa oneni bahati yangu. Mtumbwi ule ulikuwa wa ukoo wa mchumba wangu, kule kisiwani Nkombo.

Baba yake, mvuvi wa sambaza, wale dagaa wa Kivu, mtu asiyecheka ovyo, akaniita:

"Mutoto yangu hatapita mu mayi yenye haina njia. Utengeneze njia, kisha uje umuchukue."

Basi nikapata moto. Kamati ilikuwa inataka njia ya boti tangu zamani, mimi nikaisukuma kama deni la baba yangu. Nikachora ramani ofisini, peke yangu, na rula.

Tukapaka rangi madumu matupu, yaelee kama alama. Mekundu upande wa kisiwa, meupe upande wa Kamembe, kila moja na kamba na jiwe lake chini. Boti za injini zipite katikati, taratibu. Wavuvi wasitege nyavu humo.

Alhamisi tukayamwaga majini. Harusi ilikuwa Jumamosi. Nilisimama gatini nikayatazama, nikajiona waziri kabisa.

Ijumaa asubuhi nafika, ziwa jeupe. Hakuna dumu hata moja.

Wakuu, nikakimbilia ofisini. Mwenyekiti wa kamati akasema wezi wamenifanyia kazi nzuri. Hatukuwa na madumu mengine wala rangi.

Ningeweza kunyamaza, lakini yule mzee angeyaona maji kwa macho yake. Nikamtuma mwenye boti aliyekuwa anakwenda kumchukua bibi harusi amwambie mzee ukweli: alama zimepotea, yeye ndiye aamue. Jibu halikuja siku nzima.

Jumamosi nikavaa koti la kuazima nikaenda gatini. Maman yangu alikuwa tayari na shangazi zangu, wamejipamba. Niliogopa, sitaki kuwadanganya.

Saa nne hivi tukasikia nyimbo.

Mitumbwi ilitoka Nkombo mingi sana. Ikajipanga mistari miwili, imepinda kidogo katikati, toka kule mpaka kwetu, kila mvuvi ameshika kasia lake wima. Katikati ya mistari, boti ya injini ilikuja taratibu mno, na mbele amekaa mchumba wangu na mwavuli.

Maman akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mimi nililia, na sioni aibu.

Boti ilipogusa gati, wakaanza kushusha madumu. Mekundu, meupe. Yangu yote!

Yalikuwa yamejaa pombe ya ndizi.

Kumbe kwao dumu likionekana linaelea, maana yake boti imezama. Alhamisi jioni walipoyaona wakaruka kwenye mitumbwi kutafuta watu wa kuokoa. Hawakukuta mtu, wakaokota madumu yote ili wamrudishie mwenyewe, na mawe yake wakayaweka kando vizuri.

Nikamuuliza baba mkwe, basi pombe ni ya nini? Akaniangalia kama mtu asiye na malezi.

"Kwetu haturudishaka chombo bule, bila kitu ndani."

Kisha akanishika bega, akaongeza kwamba njia nimeichora vibaya, inapita juu ya mwamba anaoujua kila mvuvi isipokuwa mimi. Ndiyo maana mistari ya mitumbwi ilikuwa imepinda pale katikati.

Tulikunywa njia yote siku hiyo. Wiki iliyofuata wavuvi wenyewe waliyarudisha madumu majini, wakiukwepa ule mwamba, na kila mmoja akapewa lake la kulinda. Boti zikaheshimu, nyavu zikapona.

Nilichojifunza: kabla ya kuwachorea watu njia, nenda kawaulize wanaopita hapo kila siku. Mimi niliuliza rula.

Dumu moja jekundu lilibaki kwetu, lipo jikoni. Mke wangu alisema litarudi Nkombo likijaa, ila kila tukilijaza wageni wanatokea.

Haya wakuu, uwanja wenu. Nani humu ana chombo cha mkwewe ndani na hajakirudisha?